Nilivyoendesha maili 1,600 peke yangu kwenda kuanza mkataba wa unesi: Minnesota mpaka Washington

Nesi wa Njombe (mleta uzi)

Wakuu, shikamooni wakubwa, wadogo mambo vipi. Miaka mingi nimekuwa msomaji wa kimya humu. Leo nina usiku wa mapumziko, usingizi umegoma kwa sababu mwili umeshazoea zamu ya usiku, basi nilete kisa changu.

Nipo Marekani mwaka wa tisa. Nilikuja kwa bahati nasibu ya viza, nikaanza na kazi ya kuogesha wazee kwenye nyumba za kulelea, baadaye nikafanya NCLEX, mtihani wa leseni ya unesi wa huku, nikawa nesi kamili. Naishi Minnesota, kwenye vitongoji vya kaskazini ya Minneapolis ambako ukiingia duka la vyakula vya kwetu unakuta Wakenya wamejaa kama uko Nakuru. Nimefanya kazi wodi moja miaka minne, wodi ya wagonjwa wa moyo wanaovaa vile vimashine vya kufuatilia mapigo. Mwaka huu nikasema nijaribu mikataba.

Kwa wasioielewa kazi hii: hospitali ikipungukiwa manesi inawaendea mawakala, wakala anakutafuta wewe, unasaini mkataba wa wiki 13, unakwenda kufanya kazi hata kama ni upande wa pili wa nchi. Ukiisha, unaongeza au unahamia kwingine. Wiki moja ni shifti tatu za saa 12. Nikapata nafasi bonde la Yakima, jimbo la Washington. Jina la hospitali sitaji, na bonde lile lina hospitali zaidi ya moja, kwa hiyo msijisumbue kubahatisha.

Kwa nini nisipande ndege? Kwa sababu bonde la Yakima bila gari ni kama Makete bila viatu. Kukodisha gari miezi mitatu ni hasara, kulipakia kwenye lori la kubebea magari ni hela nyingine. Nina RAV4 yangu ya zamani haina deni. Nikapiga hesabu: kama maili 1,600, yaani kilomita 2,570. Chukua Mombasa mpaka Nairobi, uende mara tano, na bado hujafika.

Maandalizi: nilimwaga oili, nikabadilisha betri, nikatia maji ya waipa yasiyoganda, nikanunua matairi ya theluji ya mtumba kwa kijana mmoja, dola 200 yote manne. Ndani ya gari: koleo, blanketi mbili, mishumaa na kiberiti, nyaya za kubustia betri, mfuko wa mchanga wa kutia chini ya tairi ukikwama. Chakula ni chapati ishirini, kuku wa kukaanga, karanga, na chupa mbili za chai ya tangawizi. Ilikuwa mwisho wa mwezi wa pili. Nilitoka saa kumi na moja alfajiri, kipimo cha gari kinasoma nyuzi 24 chini ya sifuri. Mimi mtoto wa Njombe, nilikuja huku nikijisifu kwamba baridi naijua. Ya Njombe ni utani.

Naendelea, msikae mbali.

Kipara Hodari

Nimeweka kiti mbele. Ila uzi bila picha ni kama chai bila sukari.

Mzee wa Scania

Dada shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Mimi nimekula barabara ya Dar–Tunduma na kuingia Zambia mpaka Lubumbashi miaka 19. Swali moja kabla hujaendelea: hayo matairi ya mtumba uliangalia tarehe?

Nesi wa Njombe

Kipara, picha za wodini haziruhusiwi kabisa na za barabarani zote ni nyeupe tupu, utadhani nimepiga karatasi.

Mzee wangu, niliangalia kashata zake. Zilikuwa nene. Tarehe ya nini tena? Ngoja nimalize.

Siku ya kwanza ni barabara ya I-94 kutoka nyumbani mpaka Bismarck, North Dakota, maili kama 430. Njia imenyooka mpaka unaogopa. Fargo ndio unaingia North Dakota, na kuanzia hapo ni shamba, upepo, shamba. Watu wa huko nadhani wanajua kwamba dereva atasinzia, maana wamejenga masanamu makubwa ya kukuamsha. Pale Jamestown kuna nyati wa zege, futi 26 kwenda juu, yupo tangu 1959. Ukipita Bismarck, karibu na New Salem, kuna ng'ombe wa maziwa amesimama juu ya kilima, futi 38, unamwona kutoka mbali sana. Nilicheka peke yangu ndani ya gari. Kwetu tungeweka mbao za "Mwendo Pole".

Jambo moja mlijue. Theluji ya kule siyo lazima ianguke kutoka juu. Anga linaweza kuwa la buluu kabisa, jua linawaka, lakini upepo unaiokota theluji iliyolala mashambani na kuivusha barabarani kama vumbi la Dodoma mwezi wa tisa. Mara huioni bonati yako. Ukisikia barabara imefungwa huko, imefungwa kwa geti la chuma kabisa, siyo trafiki amekunyooshea mkono. Ndiyo maana kila asubuhi nilikuwa napiga 511, namba ya hali ya barabara, na tanki sikuliacha lishuke chini ya nusu.

Siku ya pili ndiyo iliyonifunza adabu. Magharibi ya Bismarck saa inarudi nyuma moja. Halafu nchi inabadilika ghafla. Unapita ukingoni mwa makorongo ya Painted Canyon, ndani ya hifadhi ya Theodore Roosevelt, ardhi imechanika yenye mistari myekundu na ya kijivu, theluji imekaa kwenye mifereji yake. Ukiingia Montana unakuta swala wa kule wamesimama kando ya barabara. Nilikumbuka Mikumi, ila huku hakuna tuta na hakuna mbao la faini kwa kila mnyama. Kuna sehemu karibu na Glendive kibao cha kutokea barabara kuu kimeandikwa Bad Route Road. Njia Mbaya. Nikasema haya, leo nimetumiwa salamu.

Kweli bwana. Upepo ulianza hapo. Malori yakawa yanapepesuka. Nikashuka mpaka maili 40 kwa saa kwenye barabara yenye ruhusa ya 80. Nilipofika Miles City nikajisalimisha. Nimetembea maili 270 tu siku hiyo, nikachukua chumba cha moteli dola 80 na ushee, nikavua buti, nikamimina chai.

Simu ikaita. Wakala.

Tausi

Jamani usituachie hapo.

Kipara Hodari

Anakata kama tamthilia ya Kituruki huyu.

Nesi wa Njombe

Samahanini kwa kimya, mapumziko yaliisha nikaenda zamu.

Wakala, kijana mpole sana wa sauti, ananiambia: "Kuna mabadiliko madogo." Wapendwa, mtu wa wakala akisema mabadiliko madogo, kaa chini kwanza. La kwanza, hospitali imesogeza siku yangu ya kuanza kwa wiki moja. La pili, wodi ya moyo imejaa, watanipeleka wodi ya kawaida ya wagonjwa mchanganyiko, wa upasuaji na wasio wa upasuaji. Malipo yaleyale. Wiki ile moja haina malipo.

Mimi niko Miles City. Nyuma yangu maili 700, mbele maili 900. Chumba cha bonde la Yakima nimeshalipia mwezi mzima, dola 1,150. Na kazi ya nyumbani nimeshaaga, keki nimeshakatiwa.

Nikamwambia naomba nikupigie baada ya nusu saa. Nikatoa mkataba nikausoma kwa mara ya kwanza kama mtu anayesoma hati ya kiwanja. Hapo ndipo nilipoona. Kulikuwa na kipengele kinachoruhusu hospitali kukupeleka wodi yoyote "inayolingana na ujuzi wako". Kulikuwa na kingine kinachosema hospitali inaweza kuufuta mkataba kabla siku ya kuanza haijafika, bila fidia. Saa za uhakika, zile unazolipwa hata wakikosa kazi ya kukupa, zilikuwepo, lakini zinahesabiwa tangu siku unapoanza kazi, siyo tangu siku unapoondoka nyumbani. Yote nilikuwa nimeyasaini kwa kidole kwenye simu, nikiwa kwenye foleni ya kununua unga.

Nilipompigia sikupiga kelele. Nilimwambia: wodi nakubali, lakini niandikiwe kwenye mkataba kwamba sitapewa wagonjwa zaidi ya watano usiku, na tarehe mpya iandikwe, na tarehe ya mwisho isogee nayo ili wiki zangu zibaki 13. Na ile hela ya safari, dola 500 ambayo mlitaka kunipa nusu mwanzo nusu mwisho, naitaka yote kwenye malipo ya kwanza. Akasema ataangalia. Usiku ule sikulala. Upepo unapiga dirisha, najiuliza nigeuze?

Asubuhi karatasi ikaja. Wamekubali tarehe, wamekubali hela ya safari. Idadi ya wagonjwa wamekataa kuandika. Nikasaini. Ningefanyaje.

Bwana Hesabu

Mleta uzi pole, lakini mimi ni mtu wa namba. Hebu tuambie kinacholipwa. Humu kuna vijana wameshaanza kufungasha mabegi.

Nesi wa Njombe

Bwana Hesabu umenigusa panapowasha. Tangazo lilisema dola 2,100 kwa wiki. Ndugu yangu wa Makambako nilipomtajia akazidisha kwa shilingi akaanza kuniita tajiri.

Lakini 2,100 hiyo siyo mshahara. Mshahara wenyewe ni dola 28 kwa saa, mara 36, dola 1,008. Huo ndio unaokatwa kodi. Kinachobaki, 1,092, ni posho ya nyumba na chakula, na haikatwi kodi kama una makazi halisi kwingine unayoyalipia na unayoyarudia. Nyumbani kwangu nachangia pango na mwenzangu, mimi 900 kwa mwezi, na sikuacha kulipa. Kwa hiyo nalipa pango mara mbili kila mwezi. Posho hiyo watu wanaiona kama zawadi. Ni hela inayopita mkononi kuelekea kwa mwenye nyumba.

Mkononi kwa wiki napata kama 1,900. Toa chumba cha huku miezi mitatu, toa pango la Minnesota, toa matairi, toa safari ya kwenda na kurudi (kwenda ilinitoka dola 505: petroli 190, moteli tatu 255, vinywaji na vitafunwa 60), jumlisha ile 500 yao. Inabaki kama 18,000 kwa wiki 13. Kazini kwangu kwa zamani, nikishalipa pango, ningebaki na kama 12,900. Tofauti ni 5,000, na ukitoa bima ya afya ya wakala inakuwa elfu nne na ushee. Ndiyo bei ya kulala peke yako mji usiomjua mtu na kuzaliwa upya kila wodi. Kwangu imelipa, ila nasema bei ni hiyo, siyo ile ya kwenye tangazo.

Mkenya wa Dallas

Dada, nimefurahia sana hii stori yako, pole kwa wakala. Mimi pia ni nesi, miaka sita ya mikataba. Ongezea watu hivi: ukitoka zaidi ya maili 50 kutoka nyumbani, posho yako haikatwi kodi. Hiyo ndiyo sheria. Pili, sisi wa Texas tuko na leseni ya majimbo mengi, hatusumbuki. Wewe Washington uliingiaje?

Nesi wa Njombe

Kaka asante, lakini hiyo ya maili 50 ndiyo inayoponza watu. Sheria ya kodi haina maili 50. Hiyo ni kanuni ya mawakala na hospitali, wanaitumia kuamua nani wampe bei ya msafiri. Mamlaka ya kodi inataka kujua kama una makazi ya kweli unayoyagharamia na kama kazi yako ya huko ni ya muda. Ukikaa sehemu moja zaidi ya mwaka, au ukijua tangu mwanzo kwamba utazidi mwaka, hiyo siyo ya muda tena. Na asiye na nyumba popote, anayehama na begi lake, posho zake zote ni mshahara machoni mwao. Mtafuteni mhasibu anayejua kazi za manesi kabla ya kutafuta wakala.

Kuhusu leseni, una bahati. Texas imo kwenye Nurse Licensure Compact, yaani makubaliano ya majimbo kutambuliana leseni za manesi, Minnesota haimo. Washington imejiunga 2023, kwa hiyo wewe ungeingia na leseni yako ya Texas moja kwa moja. Mimi ilibidi niombe leseni ya Washington peke yake, alama za vidole, uthibitisho kutoka Minnesota, ada, na kusubiri. Kichekesho ni kwamba North Dakota, Montana na Idaho, majimbo yote matatu niliyoyapita katikati, yamo. Nilikuwa napita kwenye nyumba za watu wenye sherehe mimi sina kadi.

Na Washington haina kodi ya mapato ya jimbo, nikashangilia. Minnesota wakanikumbusha kwamba mimi bado mkazi wao, wanataka chao.

Mkenya wa Dallas

Aki ya nani, miaka sita nimekuwa nikiambia watu maili 50. Wacha nitafute mhasibu.

Tausi

Dada mimi nauliza la kike. Mwanamke, mweusi, peke yako, Montana. Hukuogopa?

Nesi wa Njombe

Niliogopa kabla ya kuondoka kuliko nilivyoogopa njiani. Mama yangu alikuwa ananitumia ujumbe wa sauti kila baada ya masaa mawili, wa kwanza sala, wa pili sala, wa tatu anauliza kama nimekula. Kwenye vituo vya mafuta watu walinitazama, ndiyo. Wengine kwa kushangaa, mzee mmoja kwa namna ambayo sikuipenda, nikaweka mafuta nikaondoka. Wengi walinisalimia tu na kuniuliza hali ya barabara nilikotoka.

Askari alinisimamisha mara moja, baada ya Billings. Hapa niwaambie wageni: usishuke kwenye gari. Sisi tumezoea kushuka, kumfuata afande, kumwita mkuu, kucheka naye kidogo. Huku ukishuka unamtisha. Kaa, mikono juu ya usukani aione, subiri aje dirishani, na ukitaka kutoa karatasi kwenye droo mwambie kwanza kwamba unazitoa. Kosa langu lilikuwa taa za nyuma zimefunikwa na theluji hazionekani. Alinipa onyo la maandishi, akazifuta yeye mwenyewe kwa mkono wa koti. Nimebaki nalo onyo lake kama kumbukumbu.

Siku hiyo ya tatu ilikuwa ndefu kuliko zote, karibu maili 490, Miles City mpaka Missoula. Unaufuata mto Yellowstone masaa na masaa. Billings ndipo I-94 inapoishia, unashika I-90. Halafu milima inaanza. Karibu na Butte unapanda kilele cha Homestake, zaidi ya futi 6,300, ndiyo sehemu ya juu kabisa ya I-90 yote, na ni mgongo wa bara: maji ya upande mmoja yanaelekea Atlantiki, ya upande wa pili Pasifiki. Kwa mita ni kama 1,930, karibu sawa na kwetu Njombe mjini. Nikaegesha chini, kwenye kituo cha mafuta, nikamrekodia mama: mama, leo nimepita usawa wa nyumbani.

Mzee wa Scania

Milima hiyo uliteremka vipi? Maana kupanda siyo kazi. Kitonga hapajaua mtu kwa kupanda.

Nesi wa Njombe

Kama alivyonifundisha marehemu mjomba, alikuwa dereva wa basi la Songea: gia unayopandia ndiyo unayoteremkia. RAV4 ni otomatiki lakini ina gia ya chini, nikaishusha mapema, breki naigusa na kuiachia. Kile kitufe cha gari kushika spidi yenyewe nilikizima tangu Bismarck. Kwenye barafu gari linaongeza moto wakati wewe unataka litulie. Malori yalikuwa yanafunga minyororo kando, mimi sikuhitaji, barabara walikuwa wameshaipitisha greda na kumwaga chumvi.

Mzee wa Scania

Mjomba alikulea vizuri. Ila swali langu la matairi bado liko mezani.

Nesi wa Njombe

Mzee jamani. Nakuja huko.

Kwanza niwape la Missoula maana nimelitunza. Nimeingia supamaketi saa mbili usiku, nimechoka, nachagua ndizi. Nyuma yangu namsikia mama anaongea na simu: "Minasema asikuye leo, akuye kesho!" Kiswahili! Montana! Nikageuka nikasema shikamoo. Akanitazama, akakata simu. "Yaya, unasemaka Kiswahili? Uko unatoka wapi?"

Kumbe Wakongo wamepewa makazi Missoula tangu 2016. Mama huyu katoka Uvira, kapita kambini Nyarugusu kule kwetu Kigoma miaka kumi na minne, watoto wake wawili wamezaliwa Tanzania. Alinishika mkono kama mtoto aliyepotea sokoni. Hoteli nilikuwa nimeshalipia, lakini chakula alikataa kabisa nisile: "Hauwezi pita hapa na njaa na sisi tuko." Bugali, sombe (kisamvu cha kwao), samaki. Mumewe anaendesha lori la kubeba mbao. Watoto wananiuliza maswali kwa Kiingereza, mama anawajibu kwa Kiswahili, baba anaongeza Kifaransa, na mimi natafuna. Niliondoka saa nne usiku na kopo la sombe kwenye kiti cha abiria, nimelifunga mkanda.

Kipara Hodari

Sombe imefungwa mkanda. Hapo umenimaliza.

Tausi

Machozi. Nyarugusu mpaka Montana.

Nesi wa Njombe

Siku ya nne nilipanda Lookout Pass, unavuka kuingia Idaho na saa inarudi tena nyuma moja. Idaho kwenye barabara hiyo ni nyembamba, maili sabini na kitu unaimaliza, kona na misitu tu. Spokane, kisha Washington ya mashariki. Watu wakisikia Washington wanadhani mvua. Mvua iko ng'ambo ya milima ya Cascade, upande wa Seattle. Huku milima inaizuia, ni jangwa la majani makavu, Dodoma ni bustani ukilinganisha. Unashuka kwenye mto Columbia pale Vantage, maji mapana katikati ya miamba myeusi, unapanda tena, Ellensburg unakata kushoto kushika I-82. Mwisho bonde linafunguka chini: mashamba ya tufaha, safu kwa safu, na nguzo za hops, ule mmea wa kutilia bia. Nililia kidogo. Uchovu tu.

Wodini nilipewa siku moja na nusu ya kuelekezwa. Baada ya hapo wewe ni wa kwao: mfumo wa kompyuta mpya, kabati la dawa lina nenosiri lake, hujui hata choo kiko wapi, na wagonjwa watano. Nusu ya wagonjwa wanaongea Kihispania, wavunaji wa matunda. Usiku wa kwanza babu mmoja alinishika mkono akaniuliza kitu, nikaita mkalimani kwenye skrini. Kumbe alikuwa anauliza kama nimekula. Babu huyo na mama yangu wangeelewana.

Nilishawahi kubaki na wagonjwa 34 usiku mmoja nyumbani Tanzania, mimi na mhudumu mmoja, umeme umekatika. Watano siyo idadi ya kunitoa jasho. Kinachonitoa jasho ni ugeni.

Dogo Uuguzi

Dada shikamoo. Mimi nimemaliza diploma ya uuguzi, nipo Dodoma nasubiri ajira mwaka wa pili. Kuna wakala Dar anasema kwa milioni nne ananipeleka moja kwa moja kwenye kazi hizi za mikataba Marekani. Nimpe?

Nesi wa Njombe

Marahaba mdogo wangu. Usimpe hata nauli ya bodaboda. Mikataba hii hospitali zinataka nesi mwenye mwaka mmoja au miwili ya kazi Marekani, asiyehitaji kufundishwa. Hakuna anayetoka Dodoma leo kesho yuko wodini Yakima. Njia ya kweli ni ndefu: vyeti vyako vinakaguliwa na taasisi yao, unafanya NCLEX (maswali 85 mpaka 150, kompyuta inaamua ikukatize wapi), unafanya mtihani wa Kiingereza, unapata mwajiri wa kukudhamini viza ya ajira, halafu unasubiri foleni ambayo wakati mwingine inasimama kabisa. Waajiri wa haki gharama zao hawakuchaji wewe. Nitumie ujumbe pembeni nikuelekeze kwa kuanzia.

Dogo Uuguzi

Asante sana dada. Nilikuwa niuze kiwanja cha mzee.

Bwana Hesabu

Hapo uzi umeshalipa. Sasa mkataba unaisha lini, unarudi au unaongeza?

Nesi wa Njombe

Sasa ni Mei, nipo wiki ya tisa. Wameniomba niongeze wiki nane, wodi ya moyo hatimaye ina nafasi. Nimewaambia niandikiwe kila kitu kwanza, mpaka idadi ya wagonjwa. Nasubiri. Wakikataa nageuza gari mwezi wa sita, na safari hii Bad Route Road nitapita na jua.

Mzee wa Scania

Kama unageuza, dada, nenda kwenye gari sasa hivi. Ubavuni mwa kila tairi kuna maandishi yanaanza na DOT. Mwisho wake kuna tarakimu nne kwenye kiduara cha yai. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Kashata nene haina maana kama mpira umezeeka. Nakusubiri.

Nesi wa Njombe

Mzee ni saa tisa usiku huku.

Mzee wa Scania

Tochi unayo. Nesi hakosi tochi.

Nesi wa Njombe

Nimerudi. Jirani kawasha taa kuona nani analala chini ya gari. Mbele zote mbili 3219. Nyuma kushoto 3219. Nyuma kulia inasomeka 0811.

Mzee wa Scania

Wiki ya nane, 2011. Umevuka mgongo wa bara na tairi hilo na sombe ya watu.